Mashine Iliyozimika Masese

Pale Malukhu, mjini Mbale, mtu ambaye pikipiki yake au pampu yake ya maji ilikataa kuwaka aliipeleka kwa mafundi wa barabarani. Mafundi hao nao wakishindwa na kabureta, waliichomoa, wakaifunga kwenye kitambaa na kuipeleka kwa Hadijah. Hakuwa na gereji. Alikuwa na mkeka chini ya kibanda cha bati nyuma ya chumba alichopanga, beseni, kopo la mafuta ya taa, miswaki iliyochakaa, na bisibisi ambazo mumewe alimwachia bila kujua kwamba anamwachia. Siku ambazo hazikuwa na kabureta alisuka vifuniko vya sinia vya rangirangi, kama walivyofanya wanawake wote wa Kinubi aliokua nao Jinja.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole vyembamba na maneno machache. Barabarani alisema Kigisu alichojifunza kwa majirani, na Kiganda kidogo cha sokoni. Kinubi alikisema ndani, mlango ukiwa umefungwa, na binti yake Shamim alifundishwa tangu mdogo kwamba lugha ya nyumbani haitoki nje. Baada ya vita ya sabini na tisa, Mnubi alihesabiwa kuwa mtu wa utawala ulioanguka, awe alibeba bunduki au alisuka ukili maisha yake yote. Hata Kiswahili watu walikikunjia uso. Walisema ni lugha ya wanaume wanaosimamisha magari na kuuliza vitambulisho.

Mwaka wa pili baada ya vita ya mwisho, iliyokwisha themanini na sita, barabara zilipoanza kupitika bila hofu, Joash alisimamisha pikapu yake mbele ya nyumba hiyo. Joash alikuwa Mkenya wa upande wa Kisumu. Kazi yake ilikuwa kununua mashine kuukuu kando ya barabara kuu kuanzia Jinja hadi mpakani, kuzitengeneza na kuziuza tena. Hadijah alipatana naye, kwa sababu kwake angeweza kusema Kiswahili bila kuangalia nyuma.

"Mama Shamim," alisema akishuka, "leo nimekuletea mgonjwa mahututi."

Yeye na kijana wa jirani waliteremsha mzigo uliofungwa kwa gunia na mipira ya baiskeli iliyokatwakatwa. Joash alipofungua fundo la mwisho, Hadijah aliona kwanza panga la kusukumia maji, kisha mguu mrefu wa chuma, kisha kichwa.

"Ni injini ya boti," alisema Hadijah.

"Ya boti. Nataka niipeleke kwa wavuvi wa Ziwa Kyoga. Aliyekuwa nayo aliitunza sana, ameipaka grisi kila mahali. Ukivuta kamba inazunguka vizuri, lakini mafuta hayapiti hata tone. Kabureta imeganda kama jiwe."

Hadijah hakuwa amegusa injini ya boti tangu Jinja. Mbale hakuna ziwa, na hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizomfanya akae. Alitaka kukataa. Alitazama mikono yake, akamwambia Joash apite baada ya siku kadhaa.

Alianza kazi asubuhi iliyofuata, Shamim akiwa shule. Skrubu mbili za kushikilia kabureta zilikuwa zimeshikwa na kutu. Hakuzilazimisha. Alizidondoshea mafuta, akasubiri, akaweka bisibisi na kuigonga kichwani kwa kipande cha mbao, pole pole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Kisha akakaza kidogo kabla ya kulegeza, maana kutu huachia ikishtuliwa kwa upande isioutarajia. Zikatoka. Kabureta ikaja mkononi mwake, nzito kuliko alivyokumbuka, imejaa utando wa kahawia. Petroli ikikaa miaka bila kutumika hukauka, ikageuka kitu kama gundi ya mti, na kila kilichokuwa kikicheza ndani hushikwa hapo hapo kilipokuwa.

Alifungua kikombe cha chini. Ndani, boya dogo linaloinuka na kushuka na mafuta lilikuwa limeganda ukutani. Kichuma chenye ncha kinachofunga na kufungua njia ya mafuta kilikuwa kimenasa katika tundu lake. Ili kulitoa boya ilibidi kwanza aisukume nje pini ambayo boya huchezea juu yake. Pini hiyo kiwandani huwa ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Hii ilikuwa na kutu nyekundu.

Hadijah aliifuta kwa mswaki. Haikuwa pini ya kiwandani. Ilikuwa kipande cha shazia, sindano nene ya kusukia vifuniko. Ncha moja ilikuwa imesuguliwa kwa jiwe, na nyingine imepindwa kidogo, upande wa kushoto, isichomoke.

Aliiweka kabureta kwenye beseni. Akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa sakafuni na mgongo wake ukutani. Shamim aliporudi shule alimkuta hapo hapo, moto haujawashwa.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nenda kachote maji."

Shazia lile lilikuwa lake. Alilivunja kwa mikono yake mwenyewe pale Masese, kwenye ufuo wa Jinja, asubuhi ya mwisho aliyomwona mume wake.

Mume wake aliitwa Rajab. Alikuwa na boti ya mbao na injini hiyo, akivusha watu na samaki kati ya Masese na visiwa. Hadijah alijifunza kabureta kwake, kwa kuwa vidole vya Rajab vilikuwa vinene na vipande vile ni vidogo. Mwanzoni alimshikia tu. Baadaye Rajab alikaa pembeni akivuta sigara na kumtazama mkewe akifungua, akisafisha, akirudisha. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Mimi ni dereva. Fundi yuko nyumbani."

Aprili ile ya sabini na tisa, wakati mizinga ya wakombozi ilipokuwa ikisikika kutoka upande wa Kampala, Wanubi wa Jinja walianza kuhama. Barabara ilijaa askari waliokuwa wakikimbia, na kila gari walilolipenda walilichukua. Familia kadhaa zilimwendea Rajab zikamwomba azipitishe ziwani kuelekea mashariki, upande wa Kenya. Rajab alikubali. Ila Hadijah alikuwa amejifungua Shamim majuzi tu, na mama mkwe wake, Bi Ramula, alisema mzazi ambaye hajamaliza arobaini hapandishwi majini na kichanga.

"Nitawapeleka hawa, kisha nirudi kuwachukua nyinyi," alisema Rajab. "Msitoke nyumbani."

Asubuhi hiyo injini ilikuwa ikikohoa. Hadijah, bado akitembea kwa shida, alikaa chini kwenye mchanga wa Masese na kuifungua kabureta huku watu wakipakia magodoro na watoto. Pini ya boya ikamponyoka, ikaingia mchangani, na hakuna aliyeiona tena. Rajab alikuwa akimwita aharakishe. Hapo ndipo alipochomoa shazia kwenye kifuniko alichokuja nacho, akalivunja, akalisugua kwa jiwe, akaliingiza. Bi Ramula alikuwa amesimama juu yake, amembeba mtoto, akiangalia.

Injini iliwaka. Rajab akamwinulia mkono. Boti ikaondoka, na Hadijah akakaa pale akiisikiliza, maana alijua sauti yake kama unavyojua hatua za mtu wako. Iliimba vizuri hadi karibu na ncha ya nchi kavu, pale boti hupinda na kupotea machoni. Halafu ikanyamaza.

Haikufifia kama kitu kinachokwenda mbali. Ilikatika. Alisimama akasubiri isikike tena. Badala yake ukavuma upepo kutoka mjini, na ndani ya upepo huo mlio wa bunduki. Bi Ramula alimvuta mkono.

Walingoja nyumbani mpaka nyumba za majirani zilipoanza kuvamiwa. Wakatoka na walichovaa na zile bisibisi za Rajab, wakapata lori la mahindi, wakafika Mbale. Wengine waliendelea hadi Sudan. Rajab hakuja. Hakuna aliyeleta habari yake, wala ya watu aliowabeba.

Hadijah hakuhitaji habari. Aliijua, au aliamini anaijua. Pini ya shazia ilichomoka, boya likakwama, mafuta yakakatika, na injini ikafa mbele ya askari, boti imejaa watoto. Miaka yote ile aliisikia ikizimika. Aliisikia akipika. Aliisikia kila jenereta ya kinu ilipokatika jioni, na kila mara moyo wake ulidunda mara moja kwa nguvu kisha ukawa kama umesahau la kufanya. Bi Ramula, aliyeishi nao Malukhu hadi kifo chake, alimuuliza mara moja tu, walipokuwa wakichambua mchele.

"Ile pini uliyoweka. Ilikaa sawa?"

"Ilikaa, mama."

Mzee yule aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua. Hakurudia swali hilo tena. Ila tangu siku hiyo Hadijah hakuweza kukaa naye chumbani bila kulisikia.

Sasa pini ilikuwa kwenye beseni lake, mahali pake kabisa, haikuchomoka. Lakini boya lilikuwa limekwama. Je, lilikwama siku ile, au limegandishwa na petroli iliyokauka baadaye? Aligeuza kabureta kila upande kwenye mwanga. Hata fundi aliyesoma ng'ambo asingeweza kujua. Utando ulikuwa umefunika yote, ya siku ile na ya miaka iliyofuata, kwa rangi moja.

Alitumbukiza kabureta nzima kwenye mafuta ya taa, akafunika beseni kwa bati. Kisha akaenda kwenye nyumba ya wageni alikokuwa akilala Joash.

"Ile injini uliitoa wapi?"

Joash alikuwa akila. Aliona uso wake, akaacha kula. "Budondo, huko Jinja. Kwa mzee mmoja anaitwa Sulait. Kuna tatizo? Ni ya wizi?"

"Sijui ni ya nini. Nipeleke kwake."

"Mama Shamim, mimi naelekea Kyoga…"

"Ilikuwa ya mume wangu, Joash."

Joash alinawa mikono.

Walisafiri kesho yake, Shamim akiachwa kwa majirani. Walipopita mjini Jinja, Hadijah alijifunika mtandio hadi puani na hakutazama upande wa ziwa. Budondo ni nchi ya mashamba, kahawa na ndizi, na mto Naili ukiwa chini ya mteremko. Nyumba ya Sulait ilikuwa ya udongo, yenye uwanja uliofagiliwa. Alikuwa mtu wa makamo tu, ila mgongo wake ulishapinda na nywele zake zimekuwa nyeupe kabla ya wakati. Alimsalimia Joash kwa furaha. Kisha Joash akasema, "Huyu mama ndiye mke wa mwenye injini," na Sulait akashika nguzo ya baraza.

"Hadijah?" aliuliza. "Yule fundi?"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu Rajab.

Sulait alikuwa Msoga, mvuvi, na siku ile alikuwa ndani ya boti. Rajab alimchukua dakika za mwisho amsaidie kwa kasia. Hadijah alimkumbuka kwa mbali, mwanamume aliyebeba magodoro. Mke wa Sulait alileta mkeka. Hadijah hakukaa.

"Niambie jambo moja kwanza," alisema. "Injini ilizimika pale kwenye ncha. Nilisikia. Kwa nini ilizimika?"

"Haikuzimika, shemeji. Aliizima."

"Nani?"

"Rajab. Aliona askari ufukweni upande wa pili, wanatafuta boti. Akasema tukipita na kelele watatuona. Akaizima, tukapiga makasia chini ya miti, kimya, akina mama wamewaziba watoto midomo. Tukapita. Mbele huko akavuta kamba mara moja tu, ikashika. Akacheka. Akasema, 'Mke wangu ameitengeneza hii.' Ikatupeleka bila kukohoa hata kidogo. Watu wote walishuka salama. Wote, shemeji. Wengine bado wako Kenya."

Hadijah alikaa. Hakulia. Alihisi mikono yake mizito kwenye mapaja, kama vitu vya mtu mwingine alivyowekewa. Joash aliondoka akasimama kwenye gari.

"Halafu?"

"Abiria walimsihi abaki. Vita inakuja nyuma yako, walimwambia, utakwenda wapi? Akasema mke wake ana kichanga, amemwambia asitoke nyumbani. Akasema, 'Hadijah ni mtu wa kusikia neno. Atakuwa bado ananingoja.' Tukageuza."

Karibu na nyumbani, askari wengine waliwaona, wakawapungia waje nchi kavu. Rajab hakwenda. Wakapiga risasi. Sulait alijilaza sakafuni mwa boti, na alipoinuka Rajab alikuwa ameanguka juu ya mpini wa injini, na injini bado inakwenda. Ndiyo iliyowatoa pale. Sulait aliielekeza kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, akaizima, akampakata mwenzake.

"Hakufa mara moja," alisema Sulait. "Na mimi sikujua la kufanya. Nilimshika tu. Alikuwa anasema kwa Kinubi, siijui lugha hiyo. Lakini mwishoni alisema kwa Kiswahili, nikasikia vizuri. Alirudia rudia. Nikajua ni ujumbe wako, nikayaweka maneno kichwani, nisipoteze hata moja. Miaka yote hii naogopa kufa kabla ya kukuletea. Niliuliza Jinja, wakasema Wanubi wa mtaa wenu wote wamekwenda Sudan. Injini niliifukia kwenye shamba la kahawa. Kukutwa na kitu cha Mnubi wakati ule kulikuwa kifo. Baadaye niliifukua, ikakaa humu ndani, nikawa sipati usingizi nayo. Nikampa huyu Mkenya, labda itoke na hayo mambo."

"Alisema nini?"

Sulait alikaa wima kama mtoto anayetaka kusoma mbele ya mwalimu.

"Alisema, 'Jibu, moyo. Jibu, moyo.' Hivyo tu. Nimeyafikiria sana. Nadhani aliusihi moyo wake umjibu, usisimame. Au alikuwa anakwambia wewe, kwamba wewe ni moyo wake, mjibu. Mimi nilimjibu badala yako. Nilimwambia, 'Ndiyo, kaka, nitamwambia. Tulia, nitamwambia.' Akaniangalia, akarudia tena. Nikamwambia tena, ndiyo. Mpaka akanyamaza."

Uwanjani kuku walikuwa wakichakura. Mke wa Sulait alikuwa ameinamisha kichwa, na ilionekana ameyasikia maneno hayo mara nyingi.

Rajab hakuwa amehama kwenye Kinubi chake hata kidogo. Kwa Kinubi, *jibu* ni lete. *Moyo* ni maji. Mtu aliyekuwa akifa mikononi mwa Sulait alikuwa akiomba maji, kwenye boti, ziwani, na mwenzake alimwitikia ndiyo, ndiyo, asimpe.

Hadijah alimtazama Sulait. Uso wa mtu huyu ulikuwa umeinuka kwake, umefunguka, unangoja. Sauti ya Bi Ramula ikamjia, ile ya kuchambua mchele, na miaka ambayo swali dogo lile lilikaa naye chumbani.

"Niambie, shemeji," alisema Sulait. "Nilielewa sawa? Kuna kitu sikukifahamu?"

"Ulielewa," alisema Hadijah. "Aliniita hivyo nyumbani. Moyo. Alikuwa ananiaga."

Sulait akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, bila aibu, kama watu wanavyolia matangani. Mkewe akasema, "Alhamdulillahi," mara nyingi. Hadijah aliwaacha walie. Alikuwa akitazama mteremko wa Naili na koo lake limekauka hata hakuweza kumeza mate.

Asubuhi iliyofuata Sulait aliwapeleka kisiwani kwa mtumbwi wa kukodi. Aliweka mawe siku ile, na mawe yalikuwepo, yameshikwa na mizizi. Walisafisha pale, wakasoma Fatiha, Joash akiwa amevua kofia na kusimama pembeni. Kisha Sulait akachota maji kwa kopo la kutolea maji kwenye mtumbwi ili Hadijah alinyunyizie kaburi, kama ilivyo desturi. Alilinyunyizia. Akarudi mwenyewe ziwani, akajaza kopo, akamimina lote mahali pa kichwa. Akarudi tena. Akamimina. Udongo ukanywa. Akarudi tena, nguo zake zimelowa hadi magotini.

"Inatosha, shemeji," alisema Sulait kwa upole.

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Alichota na kumimina mpaka maji yakaanza kutiririka kati ya mawe kurudi ziwani, na Joash akaja akamshika kiwiko.

Mbale aliikuta kabureta imelegea kwenye mafuta ya taa. Aliitoa, akaimwagia maji ya moto upande wa nje ili chuma kitanuke, akakigonga kile kichuma chenye ncha kwa mpini wa mbao, na kikashuka chenyewe kiganjani. Vitundu vya kupitishia mafuta hakuvipitishia waya, maana shaba ni laini na waya hupanua tundu. Alitumia njiti za ufagio, akapuliza kwa mdomo, akatazama mwanga kupitia kila tundu. Boya aliliosha mpaka likang'aa. Pini ya shazia aliisugua kutu, akaipima kwa vidole. Ilikuwa bado inafaa. Aliirudisha mahali pake, ncha iliyopinda ikiwa upande wa kushoto.

Joash alisimamisha injini kwenye pipa la maji uani. Majirani wakakusanyika. Akavuta kamba, ikakataa. Akavuta tena, ikakohoa moshi wa bluu, ikawaka, na maji ya pipa yakarukia ukuta. Watoto wakapiga makofi. Joash alimwangalia Hadijah.

"Mama Shamim, ni mali ya mumeo. Ukitaka ibaki, sema. Mimi nitatafuta nyingine."

"Itafanya nini hapa? Ipeleke majini."

Aliizima kwa mkono wake. Tangu siku hiyo, alisema baadaye, hakuisikia tena ile mashine ikikatika. Jenereta ya kinu ilizimika jioni na yeye akaendelea kupika. Lakini akawa na jambo jingine. Hakuweza kumwona mtu akinywa maji bila kusimamisha kazi mpaka amalize. Wateja walidhani ni adabu za kwao.

Sulait akawa ndugu. Mgongo wake ulinyooka kidogo, mkewe alisema analala sasa. Kila Idi alikuja Malukhu na ndizi, akamletea Shamim kitambaa cha nguo, akamsimulia juu ya baba yake ambaye mtoto hakumwona: alivyocheka, alivyoendesha boti kwa mguu. Hadijah alihakikisha hadithi hizo zinaishia pale injini ilipowaka kwa mvuto mmoja. Sulait alipoelekea mbele zaidi, yeye alileta chakula.

Idi moja alikuwa jikoni, mafuta yanaungua, na hakuwahi.

"Na mwisho kabisa," Sulait alikuwa akimwambia Shamim sebuleni, "baba yako alisema maneno ya kumwachia mama yako. Nikuambie? Na wewe uyajue. Alisema, 'Jibu moyo.'"

Hadijah alitoka jikoni na mwiko mkononi. Shamim alikuwa na miaka minane, mtoto aliyelelewa kutii haraka. Alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwenye mtungi, akajaza glasi, akarudi akapiga goti mbele ya mgeni na kumpa kwa mikono miwili.

Sulait aliipokea glasi. Aliitazama, akamtazama mtoto.

"Mimi sijaomba maji, mwanangu."

Shamim akamgeukia mama yake, amechanganyikiwa, anafungua mdomo.

"Kunywa tu, kaka," alisema Hadijah. "Umetoka mbali, na kuna joto."

Sulait alikaa na glasi mkononi kwa muda ambao Hadijah hakuweza kuupima. Kisha akanywa, yote, bila kupumzika, akairudisha kwa mtoto na kushukuru. Alikula kidogo siku hiyo. Jioni aliaga mapema, akisema safari ya Budondo ni ndefu.

Idi iliyofuata alikuja tena, na ndizi na kitambaa, na zote zilizofuata. Alisimulia habari za boti na za kicheko cha Rajab. Maneno yale hakuyasema tena mbele ya mtu yeyote, na Hadijah hakumuuliza kwa nini.